Hadithi Nne za Nusu Ukurasa

Minza, mayu,

Mama yako yuko jikoni anakufungia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na kila baada ya dakika chache anakuita akukumbushe jambo jingine. Shuka, sabuni, usiazime watu sufuria, usilale na simu sikioni. Ameshakuambia mara tatu, na kesho stendi atakuambia mara ya nne. Hayo namwachia yeye. Mimi nimekaa hapa barazani kwenye meza yangu ya kusahihishia, jua la alasiri linanipiga miguuni, na wewe unapita na kupita ukidhani ninajaza fomu za shule. Ninakuandikia wewe.

Siku barua yako ya chuo cha ualimu ilipofika, watu walikuja kunipongeza. Mzee Shija, jirani yetu, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, tukacheka wote. Alikuwa ananitania tu, lakini neno lile liliniingia, kwa kuwa najua sumu yangu ilimpata nani. Dada yako Kabula hakufa kwa malaria kama ulivyoambiwa. Kabla hujaingia darasani na kalamu nyekundu mkononi, lazima nikueleze alivyokufa na mimi nilikuwa wapi. Unisamehe nikianza mbali kidogo. Mtu mwoga akitumwa nyumba ya jirani hupitia shambani.

Ndani ya begi lako, chini ya madaftari mapya, utakuta bahasha ya kaki. Ina hadithi nne. Hakuna hata moja inayozidi nusu ukurasa, na kila moja utaimaliza kabla uji haujapoa. Chuoni watakupa vitabu vinene, nawe uvisome, wala usije ukasema baba alikukataza. Lakini hizi nne nimezisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichowahi kukishika, na ningependa uzisome kwa mpangilio niliouweka.

Ya kwanza imekatwa kwenye gazeti. Nilikuta imefungia dagaa walioletwa kutoka Lamadi, na mpaka leo ukiinusa utajua ilikotoka. Jina la mwandishi lilibaki kwenye kipande kilichochanika. Ni habari ya mjane aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho. Kila jioni anachukua kamba, anakwenda zizini, anasimama pale kwa muda wa kumfunga ng'ombe mmoja, kisha anarudi ndani. Siku moja jirani anakuja kuazima ile kamba kwa sababu anamwona hana ng'ombe. Mjane anamjibu, "Kamba ina kazi." Imeishia hapo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alilia au alimkumbuka nani. Niliisoma nikiwa bado na dagaa mkononi, na mama yako akaniuliza kama nimechomwa na mwiba.

Ya pili nayo ni ya gazeti. Dereva wa lori anaendesha njia ileile kila wiki, na kila wiki anakuta kiatu kimoja cha mtoto katikati ya barabara. Anashuka, anakiweka pembeni, anaendelea na safari. Wiki inayofuata kimerudi pale katikati. Siku moja anakuta viko viwili, vimepangwa vizuri kama mlangoni. Dereva anageuza lori na kurudi kwao. Hii nilikaa nayo miaka miwili bila kuielewa. Nikawapa walimu wenzangu, mmoja akasema ni uchawi, mwingine akasema mwandishi aliishiwa karatasi. Siku hizi naona yule dereva alikuwa akiambiwa jambo tangu kiatu cha kwanza, lakini alikuwa na haraka. Wewe unaweza kuona tofauti na mimi, na utakuwa hukukosea.

Ya tatu iliandikwa na mtoto wa darasa la tano hapa Ngulyati, na ni yeye mwenyewe aliyenipa ruhusa ya kubaki nayo. Nimekunakilia yote, maana ni sentensi tano tu: "Mama anasonga ugali wa watu watano. Sisi tumebaki wanne. Ule wa mtu wa tano ninakula mimi ili usitupwe. Nimenenepa. Watu wanasema nimeshasahau."

Minza, kama ungekuwa mwalimu wa huyo mtoto ungempa ngapi? Mimi ninayekuuliza nilikuwa mwalimu ambaye angempa tatu kwa kumi. Tatu, na maneno mekundu pembeni: ongeza, ongeza.

Wanafunzi wangu wa miaka ile waliniita Mwalimu Ukurasa Mzima. Walidhani sijui. Nilikuwa najua, na nilijisikia vizuri kuitwa hivyo, kama askari anayefurahia kuogopwa. Insha kwangu ilikuwa ukurasa mzima na nusu, na kabla sijasoma neno lolote nilihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, tap, tap, tap, hadi chini. Aliyepungukiwa alikuwa mvivu, na mvivu alikuwa na adhabu yake. Watoto wakajifunza kuandika herufi kubwa kama mabuyu, kuacha nafasi pana, kusema "hapo zamani za kale katika kijiji kimoja kilichokuwa mbali sana" hata kama habari ni ya jana hapo kwenye lambo. Niliwafundisha kusema uongo mrefu, na matokeo ya shule yalikuwa mazuri. Kuna cheti changu kimoja kilichotundikwa sebuleni. Unakijua. Ulikuwa unakifuta vumbi kila Jumapili.

Mwaka ule Kabula alikuwa darasa la sita, katika darasa langu mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka minne, bado unabebwa ukichoka. Sijui unamkumbuka kiasi gani. Alizaliwa siku ya mvua kubwa, ndiyo maana ya jina lake, na alikuwa mtoto wa maneno machache kama wazee wa Sapiwi upande wa mama yako, ambao wanaweza kula chakula chote bila kusikika sauti isipokuwa ya mkono kwenye sahani. Nyumbani hakuwa akilalamika. Hilo tulilisifu mbele za wageni. Tulisema, huyu ana adabu, huyu ukimtuma hajibu.

Tulikuwa na shamba la pamba kule ng'ambo ya mto mdogo. Funza wa vitumba walikuwa wengi msimu ule, na dawa ilitakiwa ipigwe kila baada ya wiki mbili. Bomba letu la kubeba mgongoni lilikuwa limepasuka karibu na mkanda. Nililiziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli nikakaza na waya, nikajipongeza kwa ufundi wangu. Mimi nilipiga dawa mara ya kwanza. Lilivuja kidogo, nikaoga, likapita. Mara ya pili nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, nikamtuma Kabula. Wala sikuwa peke yangu. Shamba gani hapa kwetu halikupigwa dawa na mtoto? Lakini wengine hawakuwa wamesimama ubaoni wiki hiyohiyo, kwenye kipindi cha Sayansi, wakiwaambia watoto arobaini na kitu kwamba dawa ya pamba haishikwi na mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama. Kabula alikuwa dawati la pili, ameandika.

Alirudi mchana nguo imelowa mgongoni, akasimama pale mbele ya meza hii hii. Akasema, "Baba, jua limekuwa dogo." Nilidhani anatafuta njia ya kupumzika. Nikamwambia, "Maliza kwanza." Akarudi akamaliza bomba lililobaki. Jioni mama yako alifua ile nguo, akaniambia bomba linavuja kuliko nilivyokuwa nikisema. Nikamjibu nitalikaza. Nilikaza waya kweli. Mzunguko mmoja zaidi.

Wiki ya pili yake niliwapa darasa la sita insha ya kubuni. Hadithi yoyote, ukurasa mmoja na nusu. Ijumaa nilichukua madaftari nyumbani nikasahihisha hapa barazani. La Kabula lilikuwa na mistari minane. Nilihesabu kwanza, na nilipofika nane damu ilinichemka, mtoto wa mwalimu ananiaibisha. Nikaisoma nikiwa tayari nimeshakasirika. Nikampa nne kwa kumi ili wenzake wasiseme nampendelea. Nikamwita nikamkabidhi daftari mkononi, akasoma maneno yangu mekundu akiwa amesimama. Akasema, "Nitaongeza, baba." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kuhusu jambo lile.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa zamu ya dawa. Nilimtuma tena.

Mchana watoto wa Mzee Shija walikuja mbio wakasema Kabula ameanguka shambani. Nilimkuta anatokwa na mate, jasho linamtiririka, miguu inacheza yenyewe, na mboni za macho yake zimebana kuwa kitone kidogo kabisa, kama dawa ile inavyofanya hata mwanga ukafifia. Nikamvua lile bomba, nikalisukumia kwenye pamba lisionekane. Hebu sikia hilo, mayu. Mwanangu yuko chini, na mikono yangu inaficha bomba. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemshikilia, mama yako akatufuata kwa baiskeli ya jirani na wewe mgongoni.

Pale zahanati muuguzi alimwangalia macho, akanusa nguo yake, akaniuliza, "Mwalimu, huyu ameshika dawa ya pamba?" Mtoto wake alikuwa darasani kwangu. Alikuwa ameandika daftarini yale niliyoyasema ubaoni, labda mama yake alikuwa ameyasoma na kuyatia saini. Mimi nikasema, "Hapana."

Hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kukutana nazo niliitunga mimi, na ina neno hilo moja tu. Watu waliisadiki. Muuguzi alisita, akaniangalia mara ya pili, kisha akafuata njia ya malaria kali kwa sababu mwalimu hawezi kumdanganya mtu juu ya mtoto wake mwenyewe. Simlaumu hata chembe. Baadaye alipoona mambo hayaendi alituandikia twende hospitali mjini, na gari lilipopatikana tulikuwa tumepoteza saa nyingi. Kabula hakuiona Jumapili. Sijui kama kusema ndiyo kungemwokoa. Nimeshawauliza watu wanaojua, kwa kuzungukazunguka, nikisingizia ni habari ya mtu mwingine, nao wamenijibu kwamba inategemea. Nimeishi ndani ya hilo neno, inategemea, tangu wewe ulipokuwa na miaka minne.

Msibani walisema malaria, nami nikaitikia. Nilipewa pole nyingi sana. Lile bomba nilikwenda kulichukua siku ya nne, nikalizika kwenye kichuguu mpakani mwa shamba. Tukaacha pamba, tukalima mpunga na mahindi. Watu walisema mwalimu ameona mbali, bei ya pamba haina uhakika. Mwaka uliofuata niliomba kuachishwa kipindi cha Sayansi. Lakini kalamu nyekundu niliendelea nayo, na kuhesabu mistari niliendelea nako. Huo ni ukweli mwingine ambao sipendi kuuandika. Mtu hudhani akipatwa na kubwa namna ile atabadilika siku hiyohiyo. Mimi sikubadilika. Nilizidi kuwa mkali, kwa sababu kelele za darasa lenye hofu ni ndogo.

Daftari la Kabula lilikuwa kwenye rundo la madaftari ya zamani, na nilijua lipo, na sikuligusa. Ulipoanza darasa la kwanza ulihitaji daftari, ukachakura ukaniletea lile. Ulikuwa umeona lina kurasa nyingi tupu. Ukaniuliza kama unaweza kuandikia humo. Nikakukaripia mpaka ukalia, hukujua kosa lako ni nini, nami sikukuambia. Lilikuwa kosa langu. Pole, mayu, ingawa pole hii imechelewa. Ulipolala mchana ule nililifungua nikaisoma hadithi ya dada yako, safari hii bila kuhesabu. Nakala yake iko kwenye bahasha, ni ile ya nne, lakini nakuandikia na hapa pia ili mkono wangu uipitie.

*Palikuwa na msichana aliyebeba mvua mgongoni. Mvua ilikuwa inavuja. Ilipodondoka chini majani hayakuota, wadudu walikufa. Msichana aliporudi nyumbani jua lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Akamwambia baba yake, jua limekuwa dogo. Baba yake akasema, maliza kwanza. Msichana akamaliza.*

Na chini yake, kwa mwandiko wangu ambao unaujua: *Fupi mno. Mvua haibebwi mgongoni. Haina mwisho. Endeleza. 4/10.*

Maneno yangu mwenyewe yalikuwamo humo, Minza. Maliza kwanza. Nilikuwa nimeyasema barazani hapa, naye akayarudisha kwangu kwa njia pekee ambayo mtoto mwenye adabu angeweza kuitumia, kwa sababu tulimfundisha kutojibu wakubwa, na mimi ndiye niliyemwambia hadithi ni jambo la kubuni tu. Alinipa usiku mzima. Kuanzia Ijumaa mchana mpaka Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshaisoma.

Tangu siku hiyo nikaanza kuokota hadithi fupi. Nilizitafuta kwenye magazeti ya kufungia karanga, kwenye kalenda za zamani, kwenye madaftari ya watoto. Ndefu zilinishinda. Katika ndefu mtu anaweza kujificha, mwandishi na msomaji pia. Nikaacha kuhesabu mistari. Wale wa sasa hawanijui kwa jina la zamani, wananiita Mwalimu Soma Tena, na wanadhani hilo pia silijui. Yule mtoto wa ugali aliandika sentensi zake tano, nikaenda kwao jioni hiyo, nikamkuta mama yake ana siku tatu hajala. Sikufanya kubwa. Nilikaa naye, nikamwita ndugu yake. Naandika hilo si kwa kujisifu, kwa sababu halilipi lile jingine. Nakuandikia ujue kwamba inawezekana. Mtoto akikuletea mistari minane, usimwulize kwanza kwa nini hakuongeza. Jiulize kwa nini ameandika hiyo minane. Mara nyingi atakuwa mvivu tu, nawe utacheka na kumrudishia. Lakini isome kabla hujakasirika.

Nimekwambia nilikuwa mwoga. Barua hii nilitaka kukupa wewe peke yako, uondoke nayo, mama yako asijue. Asubuhi ulipokwenda sokoni niliona hiyo ni *hapana* nyingine. Nikamwita mama yako, akaja akakaa kwenye kigoda akiwa na kisu na viazi, nikamweleza yote. Bomba, nilivyolificha, na nilivyomjibu muuguzi. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza akasema, "Nilikusikia siku ile. Nilikuwa mlangoni pa zahanati na Minza mgongoni." Akamenya kiazi kingine. "Nami nikanyamaza. Ningesemaje mwalimu anadanganya?"

Kumbe tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, kila mtu na ukimya wake, tukidhani tunamkinga mwenzake. Nikamwambia liko pia jambo la daftari. Hilo hakulijua. Nikalitoa, nikamsomea ile hadithi. Unajua mama yako hakupelekwa shule, hata kura hupiga kwa kutazama picha. Alisikiliza kisu kikiwa kimesimama hewani. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. "Soma tena." Nilisoma mara nne, na mara ya nne alikuwa anaisema pamoja nami, ameshaishika yote kichwani.

Kisha akaniuliza yale mekundu yanasema nini. Nikamsomea nayo.

Hakunipigia kelele. Alifuta mikono kwenye kanga, akanipokonya daftari, akalifunga kwenye kitambaa chake cha kanisani. Ni yeye aliyeliweka kwenye begi lako, si mimi. Nilimwomba libaki hapa angalau kwa sasa, kwamba ndicho kitu pekee chenye mwandiko wa Kabula, kwamba nimelitunza muda mrefu.

Akasema, "Liende na Minza. Hapa limekaa na mtu asiyejua kusoma."

Baba yako